Unakwenda kutazama mapango? Chagua kwanza pa kulala

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KWA mkazi wa Kolandoto, mji mdogo ulio kaskazini mwa Shinyanga mjini na unaofahamika zaidi kwa hospitali yake ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1913, safari ya kwenda kutazama mapango huanza kwa hesabu za usafiri na kuishia kwa hesabu za malazi. Hesabu ya kwanza hufanywa kwa makini: mafuta, dereva, matairi, kiingilio. Ya pili huachwa hadi gari limekwishafika, giza limekwishaingia na watoto wamekwishasinzia vitini. Hapo ndipo kikundi hukubali kulala popote, na kulala popote karibu na pango kuna gharama yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua eneo la kupiga kambi karibu na vivutio viwili ambavyo msafiri kutoka Shinyanga au Geita anaweza kuvifikia kwa gari: Mapango ya Amboni mkoani Tanga, na mapango ya michoro ya miambani yaliyopo Kolo, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Yanamhusu mwenye Land Cruiser iliyofungwa hema juu ya paa, kikundi chenye Coaster na mahema ya kuazima, na hata wale wachache wenye magari makubwa yaliyo na vitanda, jiko na choo ndani, aina ambayo kwetu huonekana zaidi ikiendeshwa na wageni wanaokatiza nchi kutoka Afrika Kusini kuelekea Kenya.

Amboni au Kolo?

Amboni ndiyo yenye jina kubwa. Ni mapango ya mawe ya chokaa ambayo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 150, yaliyo kiasi cha kilomita 8 kaskazini mwa Jiji la Tanga, jirani na kijiji cha Kiomoni na Mto Mkulumuzi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliyaweka chini ya hifadhi mwaka 1922. Mwaka 1963 yakawa chini ya Idara ya Mambo ya Kale, na katika miaka ya karibuni yakakabidhiwa kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Masimulizi kwamba njia moja ya pango hilo hutokea Mombasa na nyingine mlima Kilimanjaro bado yapo, na waongoza wageni huyasimulia kwa madaha. Hata hivyo, upimaji uliofanywa mwaka 1994 na wataalamu wa Ujerumani na Uturuki ulikuta mapango kumi yaliyo mbalimbali, refu kuliko yote likiwa na mita 900 hivi. Linalotembezwa wageni ni moja. Ziara ndani yake ni ya saa moja au mbili, si ya siku nzima, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mtu anayepanga pa kulala: hakuna sababu ya lazima ya kulala mlangoni mwa Amboni. Mwenye kulala mjini Tanga huamka, akanywa chai, akafika pangoni kabla jua halijawa kali.

Kolo ni jambo jingine. Huko hakuna mahandaki ya giza ambayo mchimbaji wa Nyarugusu, aliyezoea kushuka katika duara, angeyafananisha na ya kwao. Ni miamba mikubwa iliyoinama na kufanya kivuli kama cha baraza, na katika kuta zake kuna michoro ya watu na wanyama, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Mary Leakey aliifanyia utafiti mkubwa mwaka 1951. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo lote likiwa na kilomita za mraba 2,336. Maeneo yenye michoro yametawanyika milimani, na njia za kuyafikia ni za miguu na za kupanda. Siku moja hujaa upesi, na wengi huhitaji mbili. Kwa Kolo, basi, kulala karibu kuna faida ya kweli.

Upo pia umbali. Kutoka Shinyanga hadi Tanga kwa kupitia Nzega, Singida, Dodoma, Chalinze na Segera ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni safari ya siku mbili kwa dereva anayejiheshimu. Kutoka Shinyanga hadi Kolo, kwa kupitia Singida, Katesh na Babati, ni kama nusu yake, na barabara kuu ni ya lami. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kikundi cha Kolandoto chenye siku tatu kisijidanganye kuhusu Amboni, kiende Kolo. Amboni ihifadhiwe kwa likizo ya siku tano au sita, ambapo bahari nayo itakuwa sehemu ya safari.

Ipo barabara nyingine inayoanzia Kolandoto penyewe kupitia Lalago hadi Mwanhuzi, ambayo kwenye ramani huonekana kuwa njia ya mkato ya kuelekea mashariki. Mwenye gari dogo asiifuate kwa kutazama ramani tu. Aulize kwanza madereva waliopita wiki hiyo.

Tazama ardhi kabla ya mandhari

Msukuma hahitaji kufundishwa udongo. Anaijua luseni, ile ardhi ya kichanga inayomeza maji, na anaijua mbuga, udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama sementi na mvua ya nusu saa huugeuza kuwa ulimbo. Ajabu ni kwamba maarifa hayo huachwa nyumbani mara mtu anapoitwa mtalii.

Mwandishi aliwahi kulala na kikundi nje ya mji mmoja wa njiani, katika uwanja tambarare wenye nyasi nzuri ambao mwenye nyumba ya wageni aliuita bustani. Usiku ilinyesha. Asubuhi Coaster ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli, trekta likatafutwa, saa nne zikapotea na ratiba ya siku nzima ikaota mbawa. Aliyekuwa wa kwanza kulaumiwa ni dereva, ingawa yeye ndiye peke yake aliyekuwa ameuliza jioni ile kama hapo hapakuwa mbuga.

Kanuni ni rahisi. Simamisha gari mahali palipoinuka kidogo, penye kokoto au mchanga, pua ya gari ikielekea njia ya kutokea. Usisimame ndani ya mkondo wa mto mkavu hata kama mchanga wake ni safi na kivuli chake kinapendeza. Mito ya Kondoa ni ya mchanga kwa miezi mingi, lakini mvua ikinyesha milimani maji hushuka bila kubisha hodi, na kule kambini mbingu inaweza kuwa haina wingu. Kwa Tanga, epuka masika ya Machi hadi Mei kama unakusudia kulala katika hema; mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, nazo si za kudharau. Kwa Kondoa, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu.

Mwenye gari kubwa apime pia kimo. Gari lenye hema juu ya paa au tanki la maji hugusa matawi ya miembe, nyaya za umeme zilizolegea na matao ya mageti. Uliza kwa simu upana na urefu wa geti kwa mita, usiulize kama gari kubwa linaingia. Jibu la swali hilo la pili huwa ni ndiyo daima.

Maji yanayoingia na maji yanayotoka

Kila anayeuliza kuhusu kambi huuliza kama kuna maji. Ni wachache wanaouliza maji machafu yanakwenda wapi, na kwa mahali penye mapango swali hilo ndilo zito kuliko yote.

Mwamba wa chokaa si kama miamba ya mawe magumu tuliyoizoea Shinyanga. Maji ya mvua huuyeyusha taratibu, na hivyo ndivyo mapango yenyewe yanavyotokea. Ardhi ya namna hiyo imejaa nyufa na mashimo. Maji yanayomwagwa juu hayachujwi na udongo kwa muda mrefu. Huweza kuteremka moja kwa moja hadi kwenye chemchemi, mto au kisima cha jirani. Kwa hiyo ndoo ya maji ya choo cha gari iliyomwagwa kichakani karibu na Amboni haijatupwa mbali. Inaweza kumfikia mtu anayechota maji chini ya mteremko kabla mwenye gari hajafika Segera.

Huko Marekani, ambako viwanja vya magari ya kulala ni biashara kubwa, kila nafasi nzuri huwa na bomba la maji, soketi ya umeme na mdomo wa bomba la majitaka. Hata hivyo, kulala jirani na pango huko pia si haki ya kila mgeni. Mammoth Cave katika jimbo la Kentucky, pango refu kuliko yote duniani lenye njia zilizopimwa zaidi ya kilomita 680, lina kambi karibu na kituo cha wageni. Carlsbad Caverns katika jimbo la New Mexico haina kambi ya magari ndani ya hifadhi. Wageni hulala nje na kurudi asubuhi.

Kwetu, mwenye gari la choo aombe kutumia shimo la majitaka la hoteli mjini, alipe kinachodaiwa, na aondoke na tanki tupu. Kikundi chenye mahema kichague mahali penye vyoo vilivyojengwa, vyenye mlango na taa, kwa sababu watoto na wazee hawatatembea gizani mita 100 kutafuta choo. Kwa maji ya kunywa na kupikia, chukueni madumu kutoka mjini: hesabu ya lita 10 kwa kila mtu kwa siku si ya anasa. Babati na Kondoa mjini ndiyo mahali pa kujaza kwa wanaokwenda Kolo.

Popo si mapambo

Jioni popo hutoka pangoni Amboni kwa wingi, na ni jambo linalostahili kutazamwa. Litazamwe kwa mbali.

Sababu yake wakazi wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kuijua kuliko Watanzania wengine. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, ukaua watu sita, na ukatangazwa tena mkoani humo Januari 2025, katika Wilaya ya Biharamulo inayopakana na Mkoa wa Geita. Virusi vyake huhusishwa na popo wakubwa wala matunda wanaoishi mapangoni. Wageni waliotembelea pango la Kitum katika mlima Elgon nchini Kenya waliugua mwaka 1980 na 1987. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki dunia baada ya kuingia katika pango la chatu na popo ndani ya msitu wa Maramagambo, nchini Uganda. Baada ya hapo wageni walijengewa chumba cha kutazamia kwa mbali.

Kutaja hayo si kusema kwamba Amboni kuna ugonjwa. Ni kusema kwamba kambi haipangwi mahali ambapo popo hupita au hula. Usisimike hema chini ya mwembe au mkuyu wenye matunda yaliyong'atwa na kuanguka. Usiweke meza ya chakula mbele ya mdomo wa pango. Watoto wasiokote matunda yaliyoliwa nusu wala popo aliyeanguka. Ndani ya pango vaa viatu vilivyofungwa na shati la mikono mirefu, usishike kuta zenye kinyesi, na ukitoka nawa kwa sabuni kabla ya kufungua chakula. Mwenye pumu au kifua kibovu afikirie mara mbili, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha popo lina fangasi wanaoweza kuumiza mapafu. Anayepata homa kali ndani ya wiki tatu baada ya safari amweleze daktari kwamba aliingia pangoni. Neno hilo moja hubadili vipimo atakavyofanyiwa.

Tanga: mjini, Raskazone au Kigombe

Msafiri wa Amboni ana njia tatu. Ya kwanza ni kulala Tanga mjini, kwenye nyumba ya wageni yenye ua. Wenye Coaster watapata vyumba na dereva atapata mlinzi wa gari. Wenye hema juu ya paa waombe kulala ndani ya gari uani na kulipia bafu tu. Baadhi ya wenye nyumba hukubali, na bei hupatikana kwa mazungumzo ya kiungwana.

Ya pili ni upande wa Raskazone, ufukweni ndani ya jiji, kwenye upepo wa bahari na mahali pa kuogelea. Panafaa familia. Kelele za muziki mwishoni mwa wiki ndizo za kuulizia mapema.

Ya tatu ni kwenda kusini kwa barabara ya Pangani hadi Kigombe, kiasi cha kilomita 30, ambako hoteli za ufukweni, Peponi ikiwa mojawapo, zilijulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wasafiri wa magari kwa kupokea mahema. Huko hujapata pango, umepata bahari, na magofu ya Tongoni yapo njiani. Kwa mtu aliyetoka Kolandoto kilomita zaidi ya 1,000, hilo laweza kuwa ndilo chaguo bora: pango asubuhi moja, pwani siku mbili. Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani uhakikishe kambi ingali inafanya kazi, na uulize hali ya barabara wiki hiyo.

Kulala mlangoni mwa mapango penyewe ni njia ambayo mwandishi haipendekezi. Asiyesikia aende kwanza kwa uongozi wa kituo na Serikali ya kijiji, kwa sababu eneo hilo ni la hifadhi na lina historia ya matukio ya usalama. Mwaka 2015 vyombo vya ulinzi vilipambana na watu wenye silaha maeneo hayo ya Amboni. Miaka imepita, lakini gari geni lililoegeshwa usiku kichakani bila taarifa bado huleta maswali, na ni haki yake.

Kolo: kando ya mto au Kondoa mjini

Kolo ni kijiji kando ya barabara kuu ya Babati–Kondoa. Safari zote huanzia kwenye ofisi ya kituo hapo hapo kijijini: hulipwa kiingilio, hupatikana mwongoza wageni, na haifai kupita bila kusimama. Kutoka barabarani kuelekea michoro maarufu ya Mungomi wa Kolo njia ni ya vumbi na mawe, na sehemu ya mwisho hupandwa kwa miguu. Coaster ibaki kijijini. Land Cruiser huendelea.

Katika njia hiyo, kando ya mto Kolo, kuna eneo la kambi linalobeba jina la Mary Leakey. Lina kivuli na utulivu ambao mji hauwezi kuutoa, na anayelala hapo anaweza kuanza kupanda saa 12:30 asubuhi, wakati mwanga unaingia kwa pembeni na michoro inaonekana vizuri. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: maji yapo leo, choo kinafanya kazi, na mlinzi analala hapo au anarudi kijijini. Mto huo ni wa mchanga, kwa hiyo lile onyo la awali kuhusu kulala mkondoni linarudi hapa kwa nguvu zote.

Anayetaka kitanda na bafu alale Kondoa mjini, zaidi kidogo ya kilomita 20 kusini, au Babati kama anapendelea mji mkubwa na mafuta ya uhakika. Wanafunzi zaidi ya 20 wasipelekwe kwenye kambi ya mtoni bila kukagua vyoo. Wapelekwe Kondoa.

Moto ni suala la pekee huko. Kuni ziwashwe kambini tu, kamwe si chini ya mwamba, hata mwamba usioonekana kuwa na mchoro, kwa sababu moshi hufunika rangi zilizodumu kwa karne nyingi. Wapo pia wageni waliowahi kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Maji hayo huondoka na rangi. Tena Mungomi wa Kolo si makumbusho yaliyokufa. Wenyeji bado huenda hapo kwa matambiko ya mvua na uponyaji, na siku ya tambiko mgeni anaweza kuambiwa asubiri. Kambi yenye redio ya sauti kubwa karibu na mahali kama hapo ni utovu wa adabu, na mzee wa Kirangi atakueleza hivyo kwa upole kabla hajaacha kuwa mpole.

Malipo na safari ya kurudi

Kiingilio cha vivutio vya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo na hutolewa risiti. Raia hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje, hivyo kila mtu abebe kitambulisho. Ada ya kambi mara nyingi haimo ndani ya kiingilio. Uliza kama inahesabiwa kwa kichwa au kwa gari, na kama dereva naye analipa. Coaster ya daladala inayokodiwa kutoka nje ya njia yake iwe na kibali cha LATRA. Kukamatwa Singida na abiria 25 usiku ni namna mbaya ya kugundua kwamba hamna pa kulala.

Kwa wanaokwenda Tanga, usiku wa njiani uwe Dodoma. Singida ni karibu mno kwa siku ya kwanza na Morogoro ni mbali mno. Kwa wanaokwenda Kolo, ondokeni Kolandoto saa 11 alfajiri ili mfike kabla ya jua kuzama, mkiwa na muda wa kuikagua kambi kwa macho na kuikataa kama haifai, Kondoa mjini ikiwa bado karibu. Wakati wa kurudi, kambi ivunjwe kabla ya saa 2 asubuhi, mafuta yajazwe Babati, na mteremko wa Sekenke ushukwe kukiwa bado kweupe, maana baada yake inafuata mbuga ya Wembere, na gari likiharibika hapo usiku hakuna kambi ya kuchagua.